Bwana Harusi na Mawingu ya Pemba

Tangu nirudi sijashona kanzu hata moja ikanyooka. Kila anayekuja kupimwa, kabla sijamzungushia futi kifuani, ananiuliza: "Hebu fundi, ilikuwaje hasa huko angani?" Naacha kazi, namsimulia, na nikifika pale pa Tanga sindano ishaingia kidoleni. Basi nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi akae nazo barazani acheke peke yake, nami niendelee na mapindo yangu.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi cherehani wa Mkunazini. Nyumba na duka ni kitu kimoja: kitanda juu, cherehani chini, msikiti hatua chache, na muuza kahawa anapita mlangoni. Nikifika Darajani najiona nimesafiri. Nikienda Amani kutazama mpira, mke wangu hunifungia chakula. Skuli nilisoma mpaka sekondari nikamaliza, na jiografia nilikuwa naipenda sana, kwa sababu ilinionesha dunia yote nikiwa nimekaa.

Lakini nina dada mdogo, Rukia, mkunga wa Chake Chake, anayekaa huko Pemba na mama yetu mdogo. Baba yetu hayupo tena, kwa hivyo walii wa kumuozesha ni mimi. Na harusi ya Rukia haikuwa harusi ya hivi hivi. Mwaka uliotangulia alikaa ndani na hina mikononi na miguuni, nyumba imejaa watu, na yule aliyekuwa kamposa hakutokea. Hakuleta hata salamu. Watu walikula kimya wakaondoka kimya.

Alipokuja likizo kunambia kuwa amekubali posa ya Mbarouk, alikaa pale kwenye kigoda cha wateja, akanitazama usoni.

"Kaka, huyu nimemridhia. Niozeshe. Lakini nikitiwa hina tena nikamngoja mtu asije, basi mambo ya harusi na mimi yamekwisha. Usinambie subira, usinambie kudura. Yamekwisha."

Ndoa ikapangwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Mchele wa walima ulikusanywa na jamaa wa Pemba kikombe kwa kikombe, mnajua wenyewe hali ya mchele, kwa hivyo siku ile ukipikwa umepikwa, hakuna wa kurudia. Nami kazi yangu ilikuwa moja tu: kumpeleka bwana harusi.

Kutoka Mkunazini mpaka kiwanja cha ndege

Tulitoka Jumatano asubuhi, tuwe na siku nzima ya akiba. Mbarouk, bwana harusi, ni mwalimu wa hesabu hapa mjini, mwembamba, mpole wa sura, na ulimi kama wembe. Yeye alivaa shati na suruali. Mimi nilivaa kanzu yangu ya darizi na koti, maana nilifikiri kwenye ndege watu huvaa.

Dereva wa teksi ni jirani, Mzee Kombo. Akatutia garini akauliza, "Mnakwenda kupokea mgeni?"

"Tunasafiri," nikamjibu.

"Nani?"

"Mimi."

Akazima gari. "Wewe, fundi? Mkeo anajua?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni analia kama nakwenda Hija kwa miguu. Mzee Kombo akamtazama, akanitazama, akawasha tena gari, na njia nzima hakunambia neno ila "Mungu akurejeshe."

Kiwanjani tulimkuta Bi Zuwena, mama wa makamo na ushee, anakwenda Pemba kumuona mjukuu mchanga. Mbele yake kaweka kikapu cha halua, anakilinda kama benki. Nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba, akaniuliza kama nimesoma.

"Kidogo, Bi."

"Basi nisomee pale ukutani. Pemba kuna mvua?"

Ukutani kulikuwa na ubao, na juu yake karatasi ya hali ya hewa. Kila kituo kilikuwa na mistari miwili, herufi za Kizungu na nambari zimebanana bila ya kupumua. Nambari za mwanzo nikazitambua kuwa ni upepo, unakotoka na kasi yake. Hapo jiografia yangu ikasimama kidete. Kisha nikakuta tisa nne zimefuatana.

"Na hizo tisa?" Bi Zuwena akauliza, kidole juu.

Ningesema sijui, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mtu aliyevaa koti hasemi sijui. "Hiyo nambari ya simu ya Pemba, Bi. Kwa mwenye kutaka kuuliza zaidi."

Mbarouk aligeukia ukuta. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Na mstari wa pili?"

"Marudio tu. Huandika mara mbili, mmoja ukifutika uwepo mwengine."

Bi Zuwena akaridhika, akawaambia na wengine. Tukaingia ndegeni.

Kutoka Unguja mpaka juu ya Pemba, si chini

Ndege ilikuwa ndogo, unainama kuingia kama unaingia bandani kwa kuku. Nilikaa karibu na dirisha kwa sababu Mbarouk alinambia kuwa hapo ndipo salama. Baadaye nikajua aliniweka hapo ili anitazame uso wangu. Wakati wa kuruka nilisoma kila nilichohifadhi chuoni, na nilipofika mwisho nikaanza tena. Nyuma yetu alikaa Maalim Juma, mwalimu wa chuo cha Kurani cha Wete, ambaye alilala kabla ya injini kuwashwa.

Lakini lazima niseme kweli: ni raha! Kisiwa chetu, ambacho mimi nakiona kikubwa mno kukizunguka, kilikuwa chini kama kitambaa cha kijani mtu amekitandaza mezani kabla ya kukata. Tumbatu ikapita pembeni kama kipande kilichobaki. Nikasahau kuogopa. Nikaanza hata kuwaonesha wenzangu vitu.

Kisha nikawaonesha Pemba, na Pemba haikuwepo.

Palikuwa na pamba. Pamba nyeupe ya magodoro, imetandazwa kuanzia huku mpaka kule, bila ya tundu. Tukazunguka juu yake mara moja, tukazunguka tena. Rubani, Ramadhani, kijana mrefu wa Tabora asiyependa maneno mengi, akageuza kichwa.

"Uwanja siuoni. Tunakwenda Tanga."

"Tanga nina nani mimi?" Bi Zuwena akalalamika. "Mjukuu wangu yuko hapo chini!"

"Bi, siwezi kutua mahali nisipopaona."

Bi Zuwena akanigusa bega. "Fundi, ile nambari yako ya simu. Si uwapigie wakaliondoa wingu?"

Mbarouk alicheka mpaka akafunga uso kwa leso. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole: leo Jumatano. Ndoa kesho. Bado tuna siku.

Tanga, ambako hatukualikwa

Watu wa Tanga Mungu awalipe. Mwenye mkahawa karibu na uwanja wa ndege alituona tumesimama na mizigo, akauliza, akaelezwa kuwa kati yetu kuna bwana harusi, na papo hapo akatuchukua mimi na Mbarouk kwake. Tabu ni kuwa hakuuliza ni nani kati yetu. Alitazama shati moja na kanzu moja ya darizi, akaamua mwenyewe.

Nikakalishwa kwenye mkeka wa heshima. Ukaja wali wa nazi, ukaja kuku, na firigisi ya kuku ikawekwa upande wangu. Mbarouk akapewa shingo.

"Mimi siye," nikasema. "Bwana harusi ni huyu."

Mwenyeji akanipiga paja. "Wote husema hivyo! Usione haya."

Nikamtazama Mbarouk anisaidie. Akatafuna shingo yake polepole, akasema kwa unyenyekevu, "Ni mtu wa haya sana, huyu. Tumemshawishi miaka."

Mke wa mwenyeji alikuwa nyuma ya pazia, na sauti ya kunong'ona hakujaaliwa. "Masikini, mbona mkubwa hivi! Alikuwa wapi siku zote?"

"Nyumbani," akajibu Mbarouk.

Baada ya chakula mwenyeji alinipa nasaha za ndoa, kwa urefu, baadhi yake siwezi kuziandika hapa kwa kuwa karatasi hizi zitakaa barazani. Nilisema "naam" kila aliponyamaza. Mimi, mwenye watoto wanne! Na niwape siri: baadhi ya aliyosema sikuwa nayajua.

Asubuhi rubani Ramadhani akatwambia kuwa Pemba bado imefungwa na ndege inatakiwa Unguja. Kwa hivyo tungerudi tulikotoka, tungoje huko. Nikauliza hivi: je, mtu akitoka Mkunazini kwenda Pemba akafika Unguja, amekwenda mbele au nyuma? Mbarouk akasema jawabu lake katika hesabu ni sifuri.

Unguja tena, na siku ndiyo hiyo

Sasa ilikuwa Alhamisi. Mizaha ilipungua. Mbarouk alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi. Najua alikuwa akifikiria nini, maana na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho. Kule Chake Chake vyungu vilikuwa vishainjikwa, wageni wanaoga, na Rukia amekaa ndani na hina.

Ikabandikwa karatasi mpya. Nikawahi ubaoni mbele ya watu wote, nikatafuta Pemba, nikaikuta. Safari hii niliisoma kwa makini, na macho yangu yakaanguka juu ya nambari moja nzuri: nane. Nikakumbuka kuwa skuli tuliambiwa mbingu hupimwa kwa nane. Nane katika nane! Nani amewahi kupata hesabu zote akafeli?

"Pemba imepata nane kwa nane!" nikapiga kelele. "Imepasi! Chukueni mizigo!"

Mnajua furaha ya watu waliochoka. Walisimama wote, wakapeana mikono, mmoja akanibusu kipajini. Bi Zuwena akajitwika kikapu chake. Maalim Juma peke yake alibaki amelala. Tukapanga mstari mlangoni, na mlango ukafunguliwa, lakini akaingia mtu mnene mwenye penseli sikioni.

"Nani kasema kuna safari?"

Vidole vyote vikanielekea.

Huyu ndiye Bwana Othman, mpimaji wa hali ya hewa. Nilipomueleza niliyoyasoma alijishika mbavu, akakaa juu ya sanduku la mtu, akacheka mpaka machozi. Kisha akanyanyuka akanikumbatia.

"Yakhe, miaka yote nabandika karatasi hizi, hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kuzisoma! Hata kwa kukosea! Njoo, njoo ndani. Na nyinyi njooni."

Akatuchukua chumbani kwake mimi, Mbarouk na Bi Zuwena, ambaye hakualikwa ila hakuna wa kumzuia. Bwana Othman si mtu wa kuficha elimu. Alisimama mbele ya saa zake za upepo na mvua kama khatibu juu ya mimbari, akatusomesha.

"Mbingu yote naigawa mafungu nane. Kisha nahesabu mafungu mangapi yamechukuliwa na wingu."

"Kama mirathi!" akasema Bi Zuwena.

Bwana Othman akasita, akafikiri, uso ukamng'ara. "Kama mirathi! Lahaula, kwa nini sikuwahi kuliona hilo! Wingu likiwa moja kwa nane?"

"Fungu la mke, marehemu akiacha watoto."

"Ahsante. Mbingu inayobaki ni ya watoto, wacheze. Na nane kwa nane?"

"Mjane kachukua yote," akasema Bi Zuwena, "na watoto wametolewa nje."

"Basi huko ndiko Pemba iliko leo, fundi. Na wewe ukawaambia watu imepasi."

Nikauliza zile tisa nne. Akanambia ni kuona mbali: maana yake mtu anaona kilomita kumi au zaidi, hakuna ukungu. Mbarouk akamsimulia habari ya nambari ya simu, na ikabidi tumngoje Bwana Othman akae tena. Na mstari wa pili, ule niliosema ni marudio? Mstari wa kwanza ni habari: kilichoonekana kilipoandikwa, na huenda kishapita wakati unasoma. Wa pili ni utabiri: kinachotarajiwa. Jumatano ile mstari wa kwanza ulisema Pemba kweupe, na wa pili ulisema mawingu ya chini yanakuja. Rubani aliisoma yote miwili, ndiyo maana alitia mafuta ya kumfikisha Tanga. Mimi nilisoma mmoja, ndiyo maana nilivaa koti.

"Lakini wingu kujaa si tabu sana," Bwana Othman akaendelea. "Likijaa huko juu rubani hupita chini yake kama mtu anavyopita chini ya dari. Tabu ni wingu kushuka. Tazama nambari hizi baada ya nane: futi mia nne tu kutoka ardhini."

Hapo nikafahamu kwa lugha yangu. "Pindo limeburura."

"Hasa! Pindo limeburura, na Pemba ina vilima. Lipande, hata likibaki nane kwa nane, mtakwenda."

Basi nikawa mwanafunzi. Kila saa mpimaji wa Pemba, jina lake Faki, alikuwa akiita kwa simu ya upepo na kusoma vipimo vyake, nasi tumeinamisha vichwa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Futi mia nne. Mia nne. Mia tatu.

"Huyu Faki hutia chumvi," Bwana Othman alinung'unika. "Akiona wingu moja anaandika mawili." Lakini ya tatu hakubisha, maana hata sisi tulisikia mvua ya Pemba inagonga bati nyuma ya sauti ya Faki.

Chumba cha mawingu

Baada ya adhuhuri rubani Ramadhani aliingia, akasoma karatasi, akaipindua kana kwamba nyuma yake pana habari nyengine. "Leo hapana," akasema. "Samahanini sana. Kesho asubuhi, utabiri ni mzuri."

Kesho. Mbarouk akakaa juu ya sakafu. Sikuwahi kumuona mtu mzima anakaa vile, kama nguo iliyoanguka kwenye msumari.

"Shemeji," akanambia, "atasema na mimi nimekimbia."

"Tutampelekea habari kuwa ni mvua."

"Yule wa mwanzo angepeleka habari, angesema nini? Angesema mvua. Nyumba imejaa watu, wanakula, na mimi sipo. Mimi mwenyewe nisingeamini."

Nilifikiria kukodi mashua, mimi ambaye natapika nikitazama bahari kutoka Forodhani. Nilifikiria kumuomba Ramadhani ajaribu, nikamtazama, nikaona aibu. Bi Zuwena alikuwa ananitazama mimi kwa zamu na Mbarouk, kama mtu anayetazama watu wawili wanatafuta miwani wakati wameivaa.

"Nyinyi mnakwenda Pemba kufanya nini hasa?"

"Kufunga ndoa, Bi," nikamjibu. "Si nshakwambia?"

"Bibi harusi hukaa pamoja na wanaume ndoa inapofungwa?"

"La. Hukaa ndani."

"Bibi harusi yuko ndani?"

"Yuko ndani."

"Walii yuko wapi?"

"Mimi hapa."

"Na mume?"

Mbarouk akainua kichwa kutoka sakafuni.

"Sasa mnamngoja nani?" akasema Bi Zuwena. "Mawingu ndiyo yanayoozesha?"

Mimi sekondari nimemaliza, Mbarouk anasomesha hesabu, Bwana Othman anaigawa mbingu mafungu nane, na hilo halikutupitia akilini. Tulikuwa tumeshughulika na kufika tu. Mbarouk alinyanyuka kwa kasi mpaka akagonga kichwa kwenye rafu ya vipimo.

Tukaenda kumuamsha Maalim Juma. Hiyo ndiyo kazi iliyochukua muda. Alipofumbua macho alisema, "Tushafika?" Tukamueleza. Akajifuta uso, akawa mtu mwengine kabisa, macho makali.

"Bibi harusi umeisikia ridhaa yake kwa masikio yako?"

"Kwa masikio yangu, Maalim. Alisema: huyu nimemridhia, niozeshe."

"Mahari?"

"Wamekubaliana, msahafu na kitanda. Kitanda kiko Pemba tayari."

"Mashahidi wawili?"

"Mimi wa kwanza," akasema Bwana Othman, na penseli akaitoa sikioni kwa heshima.

Rubani Ramadhani akavua kofia. "Kuwafikisha nimeshindwa. Angalau nishuhudie."

Tulikaa juu ya mswala katika chumba kile cha hali ya hewa, maana ukumbini palikuwa na kelele. Juu ya kichwa cha Maalim mshale wa upepo ulikuwa ukicheza kusini, kusini-mashariki. Maalim akaanza khutba ya ndoa kwa sauti nzuri ambayo huwezi kudhani imetoka kwa mtu yule aliyelala, na alipofika katikati, simu ya upepo ikaanza kuita.

"Unguja, Unguja, hapa Pemba. Unguja, mnanisikia?"

Bwana Othman akachupa. Maalim akamshika goti bila ya kukata maneno yake.

"Unguja! Mawingu nane kwa nane, futi mia tatu! Unguja, mko wapi?"

"Mwache," Maalim akasema kati ya sentensi mbili. "Shahidi hatoki."

Na hivyo, Faki akiita na mvua yake ikigonga, nilimshika Mbarouk mkono. Wake ulikuwa baridi. Nikasema, "Nimekuoza dada yangu Rukia binti Khamis kwa mahari mliyokubaliana." Mbarouk, yule mwenye ulimi kama wembe, akakwama.

"Sema, mwanangu," Bi Zuwena alisema kutoka mlangoni, "kabla halijatanda na huku."

"Nimekubali kumuoa," akasema Mbarouk.

Kigelegele cha Bi Zuwena kilitoka hapo. Watu wa forodha walikuja mbio wakidhani pana ajali. Kikapu cha halua, kile kilicholindwa kutoka Unguja mpaka Tanga na kurudi, kikafunguliwa, na kila mtu akala: abiria, wachukuzi, na Mzee Kombo wa teksi, ambaye alikuja kuleta abiria wengine akanikuta na akasema, "Ala! Fundi, ushakwenda ukarudi?"

"Na mjukuu wako, Bi?" nikauliza nilipoona kikapu kinakaribia mwisho.

"Hana meno yule," akasema. "Kula."

Bwana Othman sasa alikuwa kwenye simu ya upepo.

"Pemba, hapa Unguja. Nakusikia."

"Mlikuwa wapi? Nimeita mpaka koo limekauka!"

"Faki, sikiliza habari ya Unguja. Ndoa imefungwa hapa. Rukia binti Khamis na Mbarouk. Kaoza kaka yake, wameshuhudia wawili."

"Rudia. Rukia mkunga?"

"Huyo huyo."

"Wallahi?"

"Shahidi ni mimi mwenyewe!"

Simu ikakwaruza. Kisha Faki akapiga kelele mpaka sanduku likatikisika: "Yakhe, harusi ile mimi nimealikwa! Nimekaa hapa na njaa nangoja wa kunipokea zamu! Nnakwenda! Nnakwenda na baskeli sasa hivi!"

"Zamu yako je?"

"Mwenzangu huyo anaingia. Na uandike futi mia tatu!"

Pemba, chini yake

Ijumaa asubuhi niliusoma ubao peke yangu, mistari yote miwili: mawingu matatu kwa nane, futi elfu mbili, na utabiri haukuwa na la kutisha. Nikawageukia abiria wenzangu kuwaeleza. Wote wakamtazama Bwana Othman kwanza, naye akatikisa kichwa kukubali, ndipo wakachukua mizigo.

Tulitua Pemba kweupe, miti ya mikarafuu inameremeta kwa maji. Faki alitupokea uwanjani kwa mikono miwili na tumbo la mtu aliyekula. Mama mdogo alikuwa naye, na njia nzima kwenda mjini alitusimulia. Alasiri ilipopita bila ya ndege, alisema, wanawake walianza kuinama masikioni. Wengine walishakunja kanga zao mapajani, tayari kuondoka. Rukia ndani aliomba maji ya kunawa ile hina. Ndipo akaingia mtu ameloa chapachapa, baskeli kaiangusha uwani, akasimama katikati ya wanawake bila ya hodi, na akasoma kwa sauti ile ile ya kazi yake: "Habari ya Unguja! Ndoa imefungwa! Kaoza kaka yake! Mashahidi wawili! Hakuna shaka!" Vigelegele, mama mdogo akasema, viliishinda mvua. Watu walikula, wakapiga ngoma mpaka wakaridhika, na bwana harusi hakuulizwa na mtu.

"Na Rukia?" Mbarouk akauliza. Alikuwa anauliza tangu uwanjani.

"Hayupo."

Akasimama katikati ya njia.

"Kaitwa alfajiri," mama mdogo akasema. "Kuna mzazi huko Vitongoji. Kaondoka na hina yake mikononi. Kasema mume wake keshampata, hana haraka, lakini mtoto hangoji."

Basi tukamngoja. Mbarouk alioga, akavaa ile kanzu niliyomshonea, akakalishwa chumbani juu ya kitanda cha mahari, peke yake, kanyooka kama mshumaa. Wageni walipita wakimchungulia. Ilipita asubuhi, tukenda tukasali Ijumaa tukarudi, akakaa tena. Akaja dirishani. Akarudi kitandani. Akanyoosha kofia. Akanituma nikatazame njiani, nikaenda, nikarudi, akanituma tena. Aliniuliza kama Vitongoji ni mbali. Aliniuliza kama kuna njia nyengine ya kurudi kutoka huko. Chakula alikirudisha. Mara moja alinambia, kwa sauti ndogo, "Shemeji, atakuja?"

Jua lilikuwa limeshainama tuliposikia hodi. Rukia aliingia na tope mpaka magotini, buibui begani, mkoba wa kazi mkononi, na hina imekolea vidoleni mpaka nyeusi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, na mama yake mzima. Alipita mbele yetu bila ya kutuamkia, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Nimekuweka sana?"

Mbarouk alinyanyuka. Kanzu yangu yote ilikuwa imejikunja kwa kukaa.

"Hata," akasema. "Ndo kwanza nafika."